Tangi la Nne

Bia ilikuwa imeanza kukauka sakafuni na kunata kwenye soli za viatu vya Inspekta Kalekye. Tangi la nne lilikuwa tupu. Vali ya chini ilikuwa wazi, na kazi ya wiki nzima ilikuwa imeishia mtaroni.

"Leo ndiyo tunafungua," alisema Debra Wanjira, mwenye kiwanda hicho kidogo cha Kilimani, macho yamemvimba kwa kulia. "Na hiyo ndiyo bia baba yangu alikuwa aonje kwanza. Ni mzee wa kanisa, Inspekta. Siku zote amesema pombe itatuletea aibu. Mwishowe akauza kipande cha shamba la Mutuini anisaidie, na amekubali kuja leo."

"Unamshuku nani?"

"Obuya, soja wa usiku. Ni yeye tu alikuwa hapa."

Obuya alikuwa ameketi juu ya kreti, pingu mikononi, kofia imelala upande.

"Afande, kazi yangu ni geti. Huko ndani mimi siingiangi."

"Nani hufunga jioni?"

"Naliaka, yule mama wa kaunta."

Kalekye aliikagua ile vali. Ilikuwa na kifungio cha kuvuta kabla ya kuzungusha. Haikuguswa na mtu wa kubahatisha. Kufuli ya mlango nayo ilikuwa nzima. Akafuta mikono, akaingia ukumbi wa kuonjea, akavuta stuli.

Naliaka, mwanamke wa makamo, alikuwa akipangusa kaunta ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Nionjeshe," Kalekye akamwambia.

"Inspekta, si uko kazini?" Debra alishangaa.

"Ndiyo maana naonja."

Naliaka akajimiminia tone, akaonja, kisha akamjazia mgeni glasi ndogo.

"Mbona wewe kwanza?"

"Kwetu Webuye anayemimina ndiye anaonja, madam. Nyanya alinifunza hivyo tukipika busaa. Mgeni lazima aone kinywaji iko sawa."

Bia ya kwanza ilikuwa na matunda ya karakara. Ya pili ilikuwa ya asali ya Kitui, kwao Kalekye, na kwa kitambo akasahau kabisa kwamba kuna mtu amefungwa pingu pale nje. Kama upelelezi wote ungekuwa hivi, hakuna polisi ambaye angekubali kustaafu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, chungu kidogo, tamu mwishoni. Kila mara Naliaka alionja kwa pembe ya mdomo, akikunja uso. Ngozi ya ndani ya mdomo wake ilikuwa nyeupe, imebambuka.

"Mdomo umefanya nini?"

"Chai, madam. Ilinichoma."

"Na mfereji wa nne?"

"Imeisha."

"Paipu haikosi tone." Kalekye akaufungua mwenyewe. Glasi ikafika nusu. Akaisukuma mbele ya Naliaka. "Onja."

Naliaka hakusogea. Kalekye akainua glasi, akaipeleka mdomoni polepole. Mkono wa Naliaka ukaruka, glasi ikapasuka sakafuni.

"Usikunywe! Iko na dawa!"

"Dawa gani?"

"Ya kuosha tangi. Haikusuuzwa. Jana nikionja kabla nifunge ikanichoma, nikamwaga yote."

"Mbona hukumwambia mwenye kiwanda?"

Naliaka akatazama chini. "Ni yeye aliosha."

Debra akashika kaunta. Alikumbuka. Jana, dawa ikiwa bado tangini, simu ililia. Ilikuwa baba yake, akisema atakuja. Alitoka nje akiruka kama mtoto, na aliporudi akajaza bia moja kwa moja bila kusuuza.

"Na Obuya je?" Kalekye akauliza. "Angefungwa?"

"Hapana! Nilidhani itaonekana vali imelegea tu. Nilikuwa nangoja madam awe peke yake nimwambie." Naliaka akamgeukia Debra, machozi yakimtoka. "Watu waliniita mama pima, muuza chang'aa, wewe ukanipea kazi na funguo. Leo baba yako aambiwe umetaka kuua watu? Sikutaka uaibike mbele yake."

Kalekye alishusha pumzi. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuonja, na moyoni alimshukuru mwanamke huyu. Akatoka kumfungua Obuya, Debra nyuma yake.

"Obuya, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Madam, mikono imekufa ganzi," Obuya alisema akijisugua. "Lakini nimeshukuru."

"Unaondoa malalamiko?" Kalekye akamuuliza Debra.

"Naondoa. Lakini andika ni mimi niliosha tangi."

"Madam, baba yako..." Naliaka akaanza, akiwa mlangoni.

Debra alikuwa ameshapiga simu.

"Baba? Mmefika Mountain View? Njooni. Hakuna mtu alituharibia bia. Ni mimi, baba, nusura nikuue kwa uzembe wangu." Akasikiliza jibu. Akamshika Naliaka mkono. "Hapana, usirudi nyumbani. Njoo unisaidie. Kuna mama hapa anafaa kushukuriwa, na mimi maneno yameniishia."