Saa za Watu wa Ziwani

Hapana, kanisani wapi, nani kakudanganya? Walikutana sokoni Mbinga, Jumamosi, kwenye vitunguu, watu wamejaa pa kukanyaga hamna. Celestina kavaa gauni la kitenge cha bluu, limemkaa hilo, anachagua vitunguu polepole kama yuko ndotoni. Ndivyo alivyo. Kazi yake ilikuwa kwenye kituo kidogo cha televisheni pale mjini, anapanga kipindi gani kiende saa ngapi.

Akasikia kijana nyuma yake anamlalamikia muuzaji.

"Mama, kipindi cha kahawa wanakiweka saa nne asubuhi! Saa nne kijiji kizima cha Matiri tuko shambani. Anaangalia nani? Kuku?"

Celestina akageuka. "Kuku nao wanataka elimu, kaka. Na aliyekiweka ni mimi."

Jastini, ndiye huyo, mrefu, shati jeupe la pasi, akainamia vitunguu kama naye anachagua.

"Kwetu Mbamba Bay, ziwani, wanaume wanavua dagaa wa usipa usiku," Celestina akasema. "Saa nne asubuhi baba kashaoga, kakaa mbele ya televisheni. Nikajua wanaume wote wako hivyo."

"Dada, huku mlimani mwanaume akikutwa hivyo saa nne, wanamwitia padri!"

Wakacheka. Namba wakaachiana, usiniulize aliomba nani. Kipindi kikahamia saa mbili na nusu usiku, na simu ikalia.

"Mama ratiba, baba kakitazama kimya kama yuko misani."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe humo ndani."

"Mimi nakaa nyuma, siko humo."

"Basi nieleze huko nyuma kukoje."

Akamweleza. Alfajiri ni ya mabibi na rozari zao. Saa kumi na moja jioni ni katuni, watoto mabegi bado mgongoni. Saa moja tamthilia, akina mama maharage yanaungua hawana habari. Akifumba macho, alisema, anaziona nyumba zote mlimani zinawaka bluu kwenye ukungu, moja baada ya moja.

"Na mimi umeniweka saa ngapi, mpenzi?"

"Wewe huna saa. Wewe unakatiza vipindi."

Mambo yakaiva, Jastini akamtuma mjomba wake Mansuetus apeleke barua ya posa Mbamba Bay. Mjomba akapiga hodi saa kumi na mbili jioni, saa ya heshima, kwao watu wote wako nyumbani. Mzee Bartholomayo, baba wa binti, kashaingia ziwani. Mama mtu akasema, "Mimi barua siipokei bila mwenye nyumba. Njoo asubuhi." Mansuetus akaona kafukuzwa. Kulipopambazuka yuko kwenye basi.

"Wametukataa," akasema alipofika Matiri. "Baba mtu kajificha majini!"

Jastini akazima simu. Siku nane. Celestina akapata habari kwa mama yake: mgeni kaondoka na barua yake. Akapiga, haipatikani. Kwenda Matiri mwenyewe, binti anayeposwa? Aibu hiyo. Akakaa na ratiba yake, akilia kidogo. Mlimani nani yuko mbele ya televisheni, saa ngapi? Saa mbili na nusu, katikati ya kipindi cha kahawa, maandishi yakapita chini: "Mgeni uliyefika Mbamba Bay, wanaume wa ziwani wanapatikana saa nne asubuhi. Barua inasubiriwa."

Bosi akamwita. "Tangazo la nani hili?"

"La kwangu, bosi. La posa yangu."

Bosi akakuna kichwa. "Basi lipite mara mbili."

Halijapita mara ya pili, simu ikalia.

"Cele. Baba kanisomea kwa sauti. Nisamehe. Nilikucheka sokoni, kumbe na sisi ni wale wale."

"Usiniongeleshe sana, Jastini, nitalia kazini."

"Jumamosi, saa nne?"

"Saa nne. Mwambie mjomba aache hasira mlangoni."

Jumamosi ziwa limetulia kama limelala. Mzee Bartholomayo macho mekundu, hajalala, lakini kavaa shati la sikukuu.

"Shikamoo, baba," Jastini akasema, mjomba nyuma yake.

"Marahaba. Nani alisema nimejificha?"

Mansuetus akatazama viatu vyake. "Ni mimi, mzee. Nilikuja na saa za kwetu."

Mzee akaisoma barua, mara mbili, taratibu. "Celestina, nimjibu nini huyu?"

"Ndiyo, baba." Sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Ndiyo, baba!"

"Kasikia mpaka jirani," mama akasema. "Ugali unapoa."

Celestina akashika birika, Jastini akanyoosha mikono, maji yakamwagikia miguuni kwa sababu beseni hakuna aliyekuwa analitazama. Mansuetus akapewa kichwa cha samaki, mbasa, fungu la mgeni wa heshima. Wakasogea kwenye mkeka, wote, na mama naye, wakakaa, wakala.