Mabaka Kwenye Uso wa Nana

Mama alikuwa uani akitwanga mihogo ya fufu. Ndani, binti yake Pokuaa alikuwa kazini. Kompyuta ya karakana ya uchapaji ilikuwa Accra, naye yuko Kumasi, lakini kupitia mtandao aliiendesha kama aliyekaa mbele yake. Alikuwa akitengeneza bango la mazishi ya bibi yake, Nana Afrakoma, lenye picha yake kubwa. Lilitakiwa kuchapwa saa sita mchana.

Mama akaja kuchungulia, mikono ikinata.

“Mama yangu hakuwa na mabaka! Watu watasema tunazika mtu mwingine.”

Kweli, mashavu ya Nana yalikuwa vipande vipande, kama tope lililokauka. Tangu asubuhi Pokuaa alikuwa ameyapaka rangi mara tatu. Kila akipaka, mabaka yanarudi. Machozi yakamlenga.

Simu ikalia. Ni Dede, mwenzake wa karakana.

“We Pokuaa, mbona unampaka Nana poda? Huku amekuwa mweupe kama mzimu!”

“Kwani huko hana mabaka?”

“Mabaka gani? Asubuhi alikuwa anang’aa, ukaanza kumharibu!”

Jirani yao, Kaka Tawiah, fundi wa kompyuta, alikuwa amekuja kuomba pilipili. Alikuwa amesikia sauti ya Dede simuni, akacheka.

“Basi picha ni nzima. Dirisha lako ndilo chafu, nawe unasugua uso wa mtu aliye nje. Mtandao ulipokuwa mzito, hukubadili kitu?”

Pokuaa akainama kwa aibu. “Mwezi uliopita nilipunguza rangi, picha zije haraka.”

“Ukasahau kurudisha. Sasa unaletewa rangi mia mbili na hamsini na sita tu. Uso wa mtu hauenei humo.”

“Nifanyeje, kaka?”

“Kwanza futa hiyo poda yako. Kisha kata muunganisho. Kabla ya kuunganisha tena, fungua mipangilio, sehemu ya kuonyesha picha. Chagua rangi za juu kabisa, biti thelathini na mbili. Na siku nyingine, kabla hujagusa picha, muulize aliye kule anaona nini.”

Pokuaa akarudisha picha ya mwanzo, akakata, akabadili, akaunganisha. Picha ikaja polepole. Mashavu laini, ya kahawia. Hata lile kovu dogo juu ya nyusi, lililokuwa limemezwa na mabaka, likaonekana.

Mama akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

“Umeamkaje, Mama?” akasema taratibu.

Pokuaa akashusha pumzi, akachukua simu. Ilikuwa saa tano na nusu.

“Dede, chapa.”