Chaza wa Upendeleo

Siku hiyo watu sokoni walikuwa wanasukumana kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Mwanamke mmoja, gauni la njano na mabuti ya mpira hadi magotini, akateleza kwenye maji ya samaki. Akadakwa na muuza chaza, kijana ambaye soko zima lilimwita Ndevu ingawa kidevu chake kilikuwa kitupu kama sahani.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Wala. Hawa chaza umewatoa wapi?"

"Horini, ule mkono wa bahari chini ya kiwanda cha betri."

"Safi kabisa! Nipe ndoo nzima. Na kesho pia."

Ndevu akaduwaa. Ndoo nzima kwa siku, na kiuno bado ni kile! Moyo wake ukaondoka na ndoo.

Simu zikaanza. "Umefika, laazizi?" "Nimefika, msumbufu wewe." Chaza wa horini walikuwa wembamba, midomo wazi kama walinzi waliosinzia. Hao aliwauzia wengine. Wa mpenzi wake aliwafuata mbali, kwenye mwamba nyuma ya rasi: wanono, ukiwagusa tu wanajifunga pa! Akiulizwa, "Hawa ni wa horini?" alijibu, "Horini, mama watoto," maana bibie alionekana kulipenda hori lile.

Adhuhuri moja simu ikaita kwa kilio.

"Ndevu, nimekwisha! Hapa maabara napima jinsi sumu za kiwanda, risasi na zebaki, zinavyowadhoofisha chaza: maganda, pumzi, mapigo ya moyo. Wako wote wazima kama wanariadha! Bosi kesho anatangaza hori ni safi, na mimi nitafute kazi nyingine."

"Kwani huwali?"

"Niwale? Nawasaga!"

Ndevu akakalia ndoo. "Mpenzi... wako si wa horini. Nilikuwa nakupendelea."

Bibie akauliza taratibu: "Na wa horini unampa nani?"

Ndevu akamtazama mama yake, aliyekuwa pale mezani anamfungia mteja kilo mbili za chaza. "Wateja."

"Ndevu!" Simu ikakatwa.

Ndevu akaruka, akampokonya mteja mfuko, akamrudishia hela. "Hawa hawauzwi tena! Wana sumu!"

"Mwanangu, umerogwa?" mama akauliza.

"Nimependa, mama."

"Ni yale yale."

Jioni alisimama mlangoni mwa maabara, shati limepigwa pasi, ndoo mkononi, harufu imemtangulia. "Wa horini kweli, haki ya Mungu. Nimekuchagulia wabaya kuliko wote."

Bibie akaipokea ndoo. Akamgonga chaza mmoja. Yule akajifunga polepole, kama mtu anayetafakari. Akamfunga waya; kwenye skrini mapigo yakapita yakichechemea.

"Mahututi!" akapiga kelele, machozi na kicheko pamoja. "Bosi! Usitangaze!" Kisha akamgeukia Ndevu. "Hakuna mwanamume aliyewahi kuniletea zawadi nzuri hivi."

"Nilipanga kukuposa kwa wale wanono wa mwamba."

"Nipose kwa hawa hawa. Ila nje ya maabara hii, horini usimtolee mtu chaza tena."

"Sitoi. Na harusini tutakula kuku."

"Sawa," akasema, akivaa glavu. "Nitawapima hao kuku kwanza."