Kikombe cha Chai na Picha za Harusi

Kila siku akitoka shuleni, Kidole alivua sare, akala, akaosha vyombo. Baada ya hapo alianza kazi aliyojipa mwenyewe, nayo ilikuwa kugusa. Aligusa redio mpaka ikakoroma, akagusa kufuli la mlango mpaka wote wakalazimika kupitia dirishani. Ndiyo maana bibi yake alimwita Kidole, na jina likamganda.

Aliishi na Bibi na shangazi yake, mpiga picha za harusi. Humo nyumbani vitu vingi vilisamehewa kuguswa, isipokuwa kompyuta mpakato ya Shangazi. "Hiyo ndiyo inayotulisha," Shangazi alikuwa akisema. "Siku ikifa, tutakula picha."

Ijumaa moja alasiri Shangazi alikuwa kazini na Bibi amejilaza. Kidole akanyemelea chumbani kwa Shangazi na kikombe cha chai ya tangawizi, akafungua kompyuta, akaweka katuni ya paka mwizi wa viatu. Paka akateleza ndani ya buti. Kidole akacheka kwa mwili mzima, na mkono ulioshika kikombe nao ukacheka. Chai ikamwagika juu ya vitufe. Kioo kikapepesa mara mbili, kikawa cheusi tii.

Sasa, ajali ni ajali, humpata yeyote. Shida ilianza pale Kidole alipojifanya fundi. Aliwahi kusikia kwamba simu ikiloa huzikwa kwenye mchele ikapona. Kama mchele unaiponya simu, aliwaza, utashindwa na dada yake mkubwa? Akaifuta kompyuta kwa sketi, akaibeba hadi jikoni, akaizika ndani ya ndoo ya mchele na kufunika. Kabla Bibi hajaamka akaifukua, akairudisha mezani, kisha akakaa sebuleni na kitabu cha hisabati. Yeyote anayemjua angeshtuka kumwona na hisabati bila kulazimishwa.

Usiku ule, wakati wa kula, Bibi alinusa sahani yake.

"Mbona wali wa leo unanukia tangawizi?"

"Labda ni mchele wa aina mpya, Bibi."

Bibi akatafuna, akatikisa kichwa, akaona dunia inabadilika kweli.

Asubuhi kompyuta ikagoma kuwaka. Shangazi aliibonyeza, akaibembeleza, akaisema vibaya, wapi. Akaketi kitandani na kushika kichwa. Picha zote za harusi ya wiki iliyopita zilikuwa humo, na bibi harusi alikuwa anazifuata Jumatatu. Kadi ya kamera alikwisha kuifuta ili apigie harusi nyingine.

"Nitamwambia nini mtoto wa watu?" alisema. "Aolewe upya? Nani ameigusa hii kompyuta?"

"Si mimi," Kidole alijibu kabla swali halijaisha.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Labda ni mimi, mwanangu. Juzi nilifuta hii meza kwa kitambaa chenye maji. Nikakipitisha na juu ya hiyo kompyuta, maana ilikuwa na vumbi."

"Mama, mara ngapi nimesema..." Shangazi akaishia hapo, kwa sababu mama hakaripiwi. Lakini uso wake ulimalizia maneno yote, na Bibi aliyaona. Alitazama chini. Kidole alimwonea huruma, na bado hakufungua mdomo.

Wakaenda wote watatu kwa fundi wa kompyuta, Bibi akisisitiza kwamba mkosaji lazima ajieleze mwenyewe. Karakana ilikuwa chumba kimoja chembamba kando ya kinyozi. Nyaya zilining'inia ukutani, na rafuni zilipangwa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Fundi alikuwa mtu mzima mpole, mwenye desturi ya kumhoji mwenye kompyuta kabla ya kushika bisibisi.

"Mgonjwa alianguka?" aliuliza.

"Hapana," alisema Shangazi.

"Amemwagikiwa na kitu?"

"Kitambaa, baba," Bibi akadakia. "Kitambaa chenye maji. Ukitaka kunifunga nifunge, ila picha za watu zitoke."

"Kilikuwa kinachuruzika?"

"Nilikikamua vizuri sana."

Fundi akatabasamu. "Basi usijilaumu, mama. Unyevu huo umeshakauka zamani. Huenda ni chaji tu. Ngoja niitie umeme tuone." Akanyoosha mkono kuchukua waya.

"Na kama yangekuwa maji mengi?" Kidole aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nisingethubutu kuitia umeme. Ingeungua, na picha zingeweza kwenda nayo."

Waya ulikuwa umefika kwenye tundu. Kidole alimwangalia Bibi, aliyekaa kwenye stuli huku amefumbata mikono mapajani akisubiri hukumu isiyo yake. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Usichomeke, fundi. Si Bibi. Ni mimi. Ni chai."

Fundi akaweka waya chini taratibu.

"Chai kiasi gani?" aliuliza fundi.

"Nusu kikombe."

Fundi akaendelea kumtazama.

"Kikombe."

"Ina sukari?"

"Vijiko viwili."

"Viwili?" Bibi akauliza. Sukari ya nyumba ile aliijua yeye.

"Vinne."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikaizika. Kwenye ndoo ya mchele."

Bibi akafumba macho. "Nami nikala," alisema polepole. "Nikaongeza na sahani ya pili."

Fundi aliigeuza kompyuta na kuitikisa. Punje za mchele zikadondoka mezani, tik, tik, tik. Akajizuia kucheka, akashindwa. Kisha akachomoa betri, akafungua skrubu na kuwaonyesha utando wa kahawia ulionata ndani. "Mchele hauondoi sukari," alisema. "Huu nitausafisha taratibu. Kwanza tuziokoe picha. Zinatunzwa kwenye hii diski, na naona chai haikuifikia."

Akaichomoa diski, akaitia kwenye kasha lenye waya na kuiunganisha na kompyuta yake. Kioo kikakaa kimya. Shangazi akauma kucha. Hatimaye mafaili yakaanza kujipanga moja baada ya jingine, na fundi alipobonyeza, bibi harusi akatokea akicheka, shela limempanda kichwani kwa upepo. Shangazi akacheka naye huku akijifuta machozi.

"Nakala nyingine unaiweka wapi?" fundi akamuuliza.

Shangazi akakohoa. "Hapo hapo."

"Yaani huna."

"Yaani sina," Shangazi alikubali. "Ninakilie sehemu mbili, tafadhali. Na mimi nimefunzwa leo." Akamgeukia Kidole. "Uliingia chumbani kwangu bila ruhusa, na kwa hilo tutaonana. Lakini ungeniambia jana ile ile, ningekugombeza, ungelia, yangeisha. Kilichotaka kuniulia picha ni ule ukimya wako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi angeitibu kompyuta kwa maelezo ya uongo, na tungezika harusi ya watu."

Kidole akapiga magoti mbele ya stuli. "Nisamehe, Bibi. Nilikuacha ubebe kosa langu."

Bibi akamwinua na kumpangusa mashavu kwa kiganja. "Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila shika neno hili. Kosa ukilisema, linakuwa lako peke yako, tena linapungua. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi linampata yule anayekupenda."