Mara Tatu Kwenye Bomba

Fundi huyu wa pampu walimwita Dakika Mbili, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja: "Dakika mbili tu, nakuja." Ukimngoja, utaota mvi. Lakini jioni ile alipopigiwa simu na shemeji yake, mjane wa rafiki yake wa kazi, hakusema dakika mbili. Alichukua mfuko wa spana akaenda.

Miaka miwili alikuwa anaukwepa ua ule. Akimwona shemeji njiani, anageuza njia kama mdaiwa.

"Umepotea, shemeji."

"Kazi tu, shemeji."

"Pampu inanguruma, maji hayaji. Na bomba linagonga."

"Hewa hiyo."

"Haya," akasema yule mama, akamletea ndoo za maji.

Pampu ilikaa juu ya zege, karibu na mdomo wa kisima. Ni ile ile waliyoifunga yeye na marehemu. Pampu ya petroli, ya aina inayojivutia maji yenyewe: unalijaza tumbo lake kwanza, ukiiwasha inafyonza hewa yote ya kwenye bomba mpaka maji yapande. Tumbo likiwa kavu, utapata kelele tu. Akafungua kifuniko cha juu, akamimina. Tumbo lile halimalizi hata nusu ndoo. Ndoo ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha...

Akapapasa kizibo cha chini. Kimekaza. Akakagua sili, vibano, mpira wa kifuniko. Zege lilikuwa kavu.

Maji yanakwenda wapi?

Halafu akasikia harufu ya moshi wa petroli. Akaigusa injini. Ya baridi. Hakuna aliyeiwasha tangu afike.

Kutoka chini kisimani, ndani ya bomba:

Ngo. Ngo. Ngo.

Ishara zile walizitunga wawili tu, yeye na marehemu. Anayeshuka kisimani hugonga bomba kwa spana. Moja, washa. Mbili, zima. Tatu, nivute juu.

"Maana yake nini, shemeji?" mama akanong'ona.

"Hewa."

Gub, gub, gub... Akachungulia kwenye tundu la kujazia. Maji kidogo yaliyokuwa yamebaki nayo yameshuka.

Kiangazi kile cha miaka miwili iliyopita maji yalikwenda chini sana, pampu ikashindwa kuvuta kutoka juu. Kila fundi anajua injini ya petroli haishushwi shimoni, moshi wake unaua. Dakika Mbili alijua pia. Ila alikuwa na haraka zake. Pampu ikashushwa, rafiki yake akashuka nayo, hakupanda tena akiwa hai. Msibani akawaambia watu, "Nilimkataza, akabisha. Mimi nilikuwa nimefuata petroli." Watu wakatikisa vichwa, wakamsikitikia. Akala chakula cha msiba na watoto wa marehemu, akashiba.

"Wanangu wanaambiwa baba yao aliuawa na ubishi wake," mama akasema polepole. "Mkubwa sasa anapigana shuleni kwa neno hilo. Nakuuliza tena."

Dakika Mbili alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuweza kumtazama usoni, akatazama kandambili zake.

"Maana yake ni... nivute juu."

Mama akamimina ndoo ya tatu mwenyewe. Tumbo likajaa mpaka mdomoni. Maji yakatulia.

"Uliisikia siku ile?"

"Nilikuwa nimefuata petroli, shemeji."

Gub.

Maji yakashuka inchi nzima mbele ya macho yao.

"Niliisikia," akasema haraka. "Nilikuwa kwenye simu. Nilicheka na mtu kwenye simu. Nikamjibu huko chini, dakika mbili tu."

"Na nani aliishusha pampu?"

"Mimi niliamua. Yeye alikataa, nikamwita mwoga. Ndipo akashuka."

Maji yakapanda yenyewe, yakafika mdomoni.

Akafunga kifuniko, akavuta kamba ya injini. Pampu ikakohoa hewa, ikakohoa tena... Kisha maji yakaja, mengi, meupe, yenye harufu ya moshi. Mama hakulia. Aliyatazama tu yakijaza pipa.

"Kesho utawaambia wanangu."

"Nitawaambia, shemeji. Na majirani nitawaambia."

"Zima."

Akazima. Ua ukawa kimya. Akajisikia mwepesi kidogo, na wepesi ule nao ukamtia aibu.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Shemeji, nimesema yote. Hakuna nililoficha."

"Nimekusikia." Mama akaitungua kamba ya kisima kwenye msumari, ile ile aliyokuwa akivutwa nayo marehemu, akamwekea mikononi. "Lakini yeye bado anakwambia umvute."

Akaishusha kamba gizani, akiomba ibaki nyepesi. Ikafika maji. Ikatulia.

Kisha akaisikia viganjani mwake, inafungwa kutoka chini. Mizunguko miwili, halafu fundo, kama marehemu alivyojifunga siku zote.

Dakika Mbili akakaza miguu, akaanza kuvuta.