Shangazi Aliyerekodi Vyura

Kila alipotoka shule, Mwamvua alikuwa na kazi tatu: kufua sare yake, kuteka maji bombani na kumsaidia bibi yake kuchagua mchele wa chakula cha jioni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita pale Kidodi. Vuli hiyo kazi ya nne iliongezeka. Ilimbidi ambebee Shangazi Mwanasha waya.

Shangazi Mwanasha, dada wa baba yake, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuishi Morogoro mjini miaka minane. Majirani walidhani atashuka na cherehani au bidhaa za duka. Yeye alishuka na kompyuta, spika mbili, maiki iliyovalishwa manyoya kama paka, na waya tele. Aliomba chumba cha stoo, akabandika trei za mayai na vipande vya magodoro ukutani, akasema hiyo ndiyo studio yake. Alikuwa prodyuza, mtu wa kutengeneza muziki.

Kama wasanii wangekuwa wanapanga foleni mlangoni, Mwamvua angejivuna sana. Lakini shangazi yake alirekodi vitu vya ajabu. Alirekodi sauti ya ungo, Bibi akipepeta mchele. Alirekodi malori ya miwa yakikazana kupanda kilima. Siku moja alitumbukiza maiki ndani ya dumu tupu, akaliweka chini ya bati mvua inyeshe, naye akakaa mlangoni anatabasamu peke yake. Haikupita wiki, watoto wa mtaa wakampa jina: Mama Makelele.

Ijumaa moja alasiri, mvua ilipokatika, wawili hao walikwenda kwenye mfereji ulio kando ya shamba la miwa. Shangazi alikunja suruali, akavaa hedifoni, akachuchumaa kwenye tope na kuwanyooshea vyura maiki. Mwamvua alisimama nyuma yake ameshika waya. Mara akawaona Doris na Samwel, wanafunzi wenzake wa mtaa mwingine, wanakuja njiani. Haraka akaweka waya chini, akasogea pembeni kama mtu anayepita tu.

"Mwamvua! Yule dada anawahoji vyura?" Doris aliuliza huku akicheka. "Ni nani wako?"

"Si mtu wangu," Mwamvua alijibu. "Ni mpangaji tu pale kwetu. Nadhani kichwa chake hakiko sawa."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Doris na Samwel walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaenda zao. Mwamvua alimtazama shangazi yake kwa wasiwasi. Shangazi hakugeuka. Afadhali, Mwamvua aliwaza, zile hedifoni zimemziba masikio.

Jioni ile shangazi alipakua chakula. Wakati wa kula alimmegea Mwamvua mnofu wa samaki kama kawaida yake, akamwambia, "Kula, mwanangu." Mwamvua alikula, lakini samaki hakuwa na ladha.

Kesho yake Shangazi Mwanasha alikuwa na safari ya Mikumi. Kabla ya kuondoka alimketisha Mwamvua mbele ya kompyuta.

"Nisikilizie rekodi ya jana. Uniandikie kwenye daftari dakika ambazo vyura wanalia bila lori kupita. Ukimaliza, unaweza kusikiliza nyingine yoyote."

Mwamvua alivaa hedifoni akitegemea kuchoka mapema. Badala yake alishangaa. Kumbe vyura hawakupiga kelele ovyo! Mmoja mwenye sauti nzito alianza, wadogo wakaitikia, kisha wote wakanyamaza pamoja kana kwamba kuna aliyewaamuru. Maji yalitiririka katikati yao. Mwamvua alikuwa amepita kwenye mfereji ule maisha yake yote, na hakuwahi kuwasikia hivyo.

Ghafla, karibu kabisa na sikio lake, sauti ikasema: "Si mtu wangu. Ni mpangaji tu pale kwetu."

Alikuwa yeye mwenyewe. Maiki ilisikia mbali kuliko sikio la mtu, na kila ilichokisikia kilikwenda moja kwa moja kwenye hedifoni za shangazi. Kwa hiyo alisikia yote! Alisikia, na bado akammegea samaki.

Alijua kitufe cha kufuta. Aliweka kidole juu yake. Labda shangazi hakusikia vizuri. Labda rekodi ikifutika, na jambo lenyewe litakwisha. Alipokuwa bado anasitasita, rekodi ikafika mwisho na kompyuta ikaendelea na nyingine.

Ukaanza wimbo wa harusi, ule uliochezwa kwenye kila sherehe kuanzia Kidodi mpaka Ruaha. Mwamvua alikuwa ameucheza mara nyingi. Ukafuata wimbo wa redioni wa kuhimiza watu kuchemsha maji ya kunywa, ambao wanafunzi huuimba mstarini asubuhi. Kisha kwaya ya kanisani. Kisha ikaja sauti ya ungo, taratibu, shwa, shwa, na juu yake sauti ya Bibi akiimba kwa Kividunda wimbo wa kubembeleza mtoto. Ndio aliombembelezea Mwamvua alipokuwa mchanga. Hakujua kama kuna mtu mwingine aliyeukumbuka.

Kioo kilionyesha jina la shangazi kwenye kila moja. Zote hizo zilikuwa kazi za mtu mmoja, yule ambaye Mwamvua alimkana.

Mwamvua aliondoa kidole kwenye kitufe, akatoka nje na kuketi kizingitini. Shangazi Mwanasha aliporudi alasiri, alimkuta pale pale.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Jana nilikukana mbele ya wenzangu," Mwamvua alisema, na machozi yakamshinda. "Nilisema wewe ni mpangaji. Nikasema kichwa chako hakiko sawa. Niliona aibu. Nisamehe, shangazi."

Shangazi aliweka begi chini, akakaa kando yake.

"Nilisikia pale pale," alisema polepole. "Nilitaka kukuuliza, nikaogopa. Watu wazima wanaponicheka, nimezoea. Lakini wewe ndiye mtu wa kwanza hapa nyumbani aliyekubali kunibebea waya." Akamfuta machozi kwa upande wa khanga. "Nimekusamehe. Ulichobakiza ni kuurekebisha ule uongo kwa wale uliowaambia."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kuomba msamaha. Jumatatu, wakati wa mapumziko, Mwamvua aliwafuata Doris na Samwel. "Yule wa vyura si mpangaji. Nilidanganya. Ni shangazi yangu, na ule wimbo wa kuchemsha maji ameutengeneza yeye."

"Acha uongo!" Doris alisema.

"Njooni msikie."

Walikuja Jumamosi, nusu wakitaka kucheka. Shangazi aliwapigia wimbo wa harusi, nao wakacheza. Kisha akawapigia ule mpya, wenye vyura, dumu la mvua na malori. Samwel aliruka. "Hilo lori la baba! Huwa linakohoa hivyo likipanda!" Akaomba urudiwe mara tatu.

Doris alikunja uso. "Mimi, dada, huu wa vyura siupendi."

Mwamvua alishtuka, lakini shangazi yake alicheka kwa furaha. "Si lazima upende kila kitu. Umesikiliza mpaka mwisho, nashukuru."

Bibi, aliyekwisha kusimuliwa yote, alikuwa mlangoni akiwatazama.

"Mimi niliyemzaa, nusu ya kazi zake sizielewi," alisema. "Lakini wajukuu zangu, kutoelewa kazi ya mtu si sababu ya kumcheka, wala ya kumkana. Muulize. Msikilize. Mkono unaojua kazi nyingi ulijifunza kwa kujaribu, na mwenye kujaribu huonekana kichaa mpaka kazi iishe. Na ukishateleza kwa ulimi, fanya kama alivyofanya Mwamvua. Rudi ukaseme kweli."

Watoto waliitikia kwa pamoja, "Tumesikia, Bibi." Mwamvua alisogea akakaa bega kwa bega na shangazi yake, mbele ya macho ya wenzake, akamwegemea.