Sikio ni la Mwenyewe

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mabrouk alipotoka Chwaka kwenda maweni kuwaswaga mbuzi wake. Ardhi ile ya mawe na vichaka haina hati wala mwenyewe. Tangu enzi za mababu, mashamba ndiyo yanayozungushiwa ukuta. Mbuzi huachiwa wakale watakako, na kila nyumba ina mkato wake wa sikio. Nyumba ya Mabrouk hukata ncha sawasawa. Nyumba ya Bi Mwanakheir, mjane anayelea wajukuu yatima, hutia panda mfano wa mkia wa mbayuwayu. Wazee walisema: malisho ni ya wote, sikio ni la mwenyewe. Hata gizani mchungaji hupapasa sikio, akajua mbuzi huyu ni wa nani.

Sasa, panda ukiikata kwa chini kidogo, inatoweka. Inabaki ncha sawasawa.

Mabrouk alilijua hilo, na yeye ndiye muadhini wa msikiti! Mwezi uliopita alimkamata mbuzi mwekundu wa Bi Mwanakheir, mwenye mimba, akampunguza sikio kwa kisu, akamchanganya na wake. Bibi hakuwa na mbuzi mwingine. Maziwa ya wale watoto yalitegemea mbuzi huyo. Alipokuja kuuliza, na macho yake yasiyoona vizuri, Mabrouk alijibu akitazama chini:

"Labda kamezwa na chatu, Bi mkubwa."

"Basi," alisema bibi. "Nshawaachia wenye maweni, wale wasioonekana."

Tangu siku ile aibu ilimkaa Mabrouk kooni kama mwiba wa samaki. Kumeza hamezi, kutema hatemi. Angeweza kumrudisha mbuzi wa watu, lakini walimwengu wangesemaje? Muadhini mwizi! Akanyamaza, akaendelea kuadhini kwa sauti nzuri.

Jioni ile aliwaita mbuzi. Hawakuja.

Kimya. Hata ndege...

Kisha akasikia harufu ya udi. Udi, katikati ya miba na mawe! Kwato zikagonga juu ya jiwe... ko, ko, ko... zikasimama.

"Mabrouk."

Kila mtoto wa Chwaka ameonywa: ukiitwa porini magharibi, usijibu mpaka uitwe mara ya tatu. Lakini sauti ile ilikuwa ya bibi kizee, nyonge, na Mabrouk alilelewa kuwajibu wakubwa kwa adabu.

"Naam?"

Ndipo alipowaona. Mbuzi tele, weusi, wamemzunguka bila kulia, masikio yao mazima, hayajawahi kuguswa na kisu. Vidole vikatua kwenye shingo yake kwa nyuma. Vya baridi. Vikapanda taratibu mpaka sikio la kulia, vikapapasa ukingo wake, vikafika nchani, vikarudi kupapasa tena. Alitaka kusema Bismillahi. Ulimi ukagoma.

"Hana alama," sauti ilinong'ona.

"Wa nani?" iliuliza nyingine.

"Wa yule bibi aliyetuachia..."

Ikasikika sauti kama ya mkasi unaokata kitambaa.

Alipozinduka, mbuzi wake walikuwa wanakula majani kando yake, na yule mwekundu amelala miguuni pake. Hapakuwa na maumivu wala tone la damu. Alipopeleka mkono sikioni, alikuta panda, imeshapona kama kovu la utotoni.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanakheir, mbuzi mwekundu kamfunga kamba, kofia kaivuta mpaka imefunika masikio.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Mbuzi wako... kaonekana."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akanyoosha mkono kwa furaha, akapapasa sikio la mbuzi. Uso ukamnyong'onyea. "Huyu si wangu. Sikio hili la kwenu."

Maneno mawili tu yalitosha: mimi nimemkata. Mabrouk alipiga magoti ili ayaseme, na haya zikamziba mdomo. Akainama kumbusu bibi mkono. Kofia ikaanguka, na vile vidole vya kizee vikamgusa sikio.

Vikasimama nchani.

"Lahaula..." Bibi aliuvuta mkono kana kwamba kaungua. "Mie nliomba kilicho changu kirudi. Nlimkusudia mbuzi tu, mwanangu. Mbuzi tu! Mwache hapo. Nenda zako."

Akaenda. Usiku kucha alijipa moyo kwamba kofia itamsitiri.

Kesho yake magharibi alisimama msikitini mbele ya kipaza sauti. Watu walikuwa wameshatawadha, wanangoja. Akainua vidole, akavipitisha chini ya kofia, akavitia masikioni.

Na bado akasikia. Uani kwake, upande wa pili wa kijiji, Bi Mwanakheir alikuwa anamwita mbuzi wake aingie bandani.

"Njoo, wangu... njoo..."

Chwaka nzima, iliyokuwa inangoja takbira, ikasikia kwenye spika sauti nzuri ya muadhini wao ikiitikia:

"Naam."

Kisha kishindo cha miguu. Sakafuni ilibaki kofia tu.

Waliomfuata walimkuta amesimama kwenye mlango wa banda, ubavuni mwa yule mbuzi mwekundu, sikio lake wazi mbele ya watu wote. Machozi ya aibu yalikuwa yanamchuruzika. Walimvuta kwa nguvu, hakuvutika. Alikuwa anangoja afunguliwe banda aingie.